Mwaka pekee hautoshi kuitambua nusu dola ya kale

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nichangie makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu sarafu za fedha za Marekani za miaka ya mwanzo. Makala ile ilikuwa na mengi ya manufaa, ila kuna jambo moja ambalo lisipowekwa sawa litawapotosha wasomaji wanaorithi, kununua au kuuza sarafu hizo. Mwandishi alieleza kwamba ukishajua thamani iliyoandikwa kwenye sarafu, mwaka wake na kiasi ilivyochakaa, basi umekwisha kuitambua. Chini ya maelezo hayo iliwekwa picha ya nusu dola ya 1817, upande wa kichwa peke yake, pamoja na bei. Kwa sarafu za fedha zilizochapwa Philadelphia kuanzia 1794 hadi katikati ya miaka ya 1830, utambulisho wa namna hiyo unaishia njiani.

Sababu iko katika jinsi zilivyotengenezwa. Sheria ya kuanzisha kiwanda cha sarafu cha Marekani ilipitishwa tarehe 2 Aprili 1792, dola na nusu dola za fedha zikaanza kutoka 1794, na vipande vya senti kumi na robo dola vikasubiri hadi 1796. Robert Scot, aliyekuwa mchongaji mkuu, pamoja na wasaidizi wake hawakuwa na uwezo wa kutengeneza muhuri mzima wa kugongea sarafu kwa mara moja. Walichukua kipande cha feleji kilicholainishwa kwa moto, wakakigandamizia panchi, yaani chuma kigumu chenye picha iliyochongwa ncha, yenye kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru, au yenye tai kwa upande wa pili, kisha karibu kila kilichobaki kikaongezwa kwa mkono na nyundo: nyota moja baada ya nyingine, herufi moja baada ya nyingine, tarakimu moja baada ya nyingine. Muhuri ulipokamilika ulipashwa moto tena na kutoswa ili ugumu, ndipo ukapelekwa kwenye mashine iliyoendeshwa kwa nguvu za mikono.

Mkono wa binadamu, hata ukiwa hodari kiasi gani, haupigi nyundo mahali pale pale mara mbili. Nyota ya kwanza itakaribia shingo katika muhuri mmoja na kuachana nayo katika mwingine. Tarakimu ya mwisho itapanda au kushuka. Herufi ya T itainama kidogo. Jani la tawi la mzeituni litaishia chini ya herufi hii badala ya ile. Ndiyo maana kila muhuri wa enzi hizo una sura yake, kama mwandiko wa mtu. Na kwa kuwa feleji ya wakati huo ilipasuka mapema, kiwanda kililazimika kutengeneza mihuri mingi kwa mwaka mmoja. Sarafu iliyotokana na muhuri fulani wa kichwa ulioambatanishwa na muhuri fulani wa tai ndiyo wakusanyaji wanayoiita aina, na kila jozi ya mihuri hupewa namba yake. Nusu dola za 1807 hadi 1836 peke yake zina jozi zaidi ya 400.

Namba hizo hutanguliwa na herufi za waliofanya kazi ya kuzipanga. Kwa nusu dola ni O, kwa heshima ya Overton. Kwa robo dola ni B, ya Browning. Kwa dola ni B vilevile, lakini safari hii ni Bolender, na siku hizi wengi wanatumia BB, za Bowers na Borckardt. Anayesema ana B-1 bila kutaja thamani ya sarafu hajasema lolote. Vipande vya senti kumi hutumia JR, kwa jina la mchongaji John Reich, na vya senti tano LM, za Logan na McCloskey.

Turudi kwenye nusu dola ya 1817, kwa sababu ni mfano ambao hata aliyeuchagua huenda hakujua ulivyo mzuri. Mwaka ule zilichapwa nusu dola zaidi ya milioni 1.2, kwa jozi za mihuri zaidi ya kumi. Kiwanda hakikupenda kutupa muhuri ambao haujatumika, hivyo muhuri uliobaki kutoka 1813 ulipigwa 7 juu ya 3, na mwingine wa 1814 ukapigwa 7 juu ya 4. Ule wa kwanza ulitoa sarafu za kutosha, na mkusanyaji mvumilivu ataipata. Ule wa pili ulipasuka vibaya mapema, ufa ukakata upande wa kichwa, na sarafu zake zinazojulikana leo ni chache mno, kiasi cha dazeni tu katika dunia nzima. Upo pia muhuri wa mwaka huo huo wenye nukta kati ya 1 na 7, hata mwaka unasomeka 181.7. Sarafu hizi zote ni nusu dola ya 1817. Zote zina kichwa kile kile chenye kofia alichokichonga John Reich, Mjerumani aliyeajiriwa kiwandani mwaka 1807. Lakini tofauti ya bei kati ya iliyo ya kawaida na ile ya 7 juu ya 4 ni ya maelfu kwa maelfu ya dola, na tofauti hiyo nzima imejificha katika eneo dogo kuliko punje ya mchele, pale shina la 7 linapopita juu ya mabaki ya tarakimu ya zamani. Katika picha mliyoichapisha eneo hilo lilikuwa doa jeusi.

Tuseme mtu amekwisha kuridhika kwamba hakuna tarakimu iliyofichwa chini ya 7. Bado hajafika, kwani muhuri mmoja wa kichwa mara nyingi uliambatanishwa na mihuri miwili au mitatu ya tai, mmoja ukipasuka na mwingine ukichukua nafasi yake. Upande wa tai wa nusu dola hizi una utepe wenye maneno E PLURIBUS UNUM, na juu ya utepe huo yamezunguka maneno UNITED STATES OF AMERICA. Hapo ndipo mwenye uzoefu anapotazama kwanza. Mwanzo wa utepe uko chini ya sehemu gani ya D ya UNITED? I ya PLURIBUS imesimama chini ya kushoto, katikati au kulia kwa T ya STATES? Kisha anashuka kwenye ngao ya kifuani mwa tai, anahesabu mistari ya kulala inayovuka mpaka wa ngao na kuingia kwenye ubawa, na mwisho anapima nafasi kati ya 5, 0 na C zilizo chini, yaani thamani ya senti 50. Maswali haya matatu au manne yakijibiwa vizuri, orodha ya jozi kumi na kitu hubaki na mbili, pengine moja.

Wanaoanza hukosea hapa kwa namna inayotabirika: wanatazama nywele. Nywele, shavu na kifua cha mwanamke vilitokana na panchi moja iliyotumika kwenye mihuri mingi, kwa hiyo vinafanana. Na panapoonekana tofauti, mara nyingi ni uchakavu au pigo dhaifu la mashine. Kinachotofautisha ni vile vilivyoongezwa kwa mkono, yaani nyota, herufi na tarakimu, tena mahali vilipo na si ukali wa kingo zake. Faida yake ni kwamba mahali hapachakai upesi. Nusu dola iliyopita mikononi mwa watu kwa miaka 50 hadi nywele zikawa bapa bado itakueleza jozi yake, kwa sababu nyota ya mwisho haikusogea hata nywele moja. Nimeona sarafu zilizodharauliwa kwa uchakavu zikiwa na namba ambazo wenye sarafu safi wanazitafuta bila kuzipata.

Ukingo unahitaji tahadhari. Nusu dola hizo zina maneno FIFTY CENTS OR HALF A DOLLAR pembezoni, na baadhi ya watu hudhani kwamba herufi fulani ya ukingoni ikikutana na nyota fulani basi ni aina ya pekee. Sivyo. Maneno yale yaliwekwa kabla sarafu haijagongwa, kwa kuibiringisha fedha tupu kati ya vyuma viwili, kisha ikawekwa kwenye mashine bila kujali imegeukia wapi. Mkutano wa ukingo na uso ni wa bahati tu. Hali ilibadilika mwishoni mwa 1836, pale nusu dola zilipoanza kugongwa kwa mashine ya mvuke ndani ya pete iliyouzuia ukingo, nayo maandishi yakaondolewa na kuwekwa mistari. Muda si mrefu mihuri nayo ikaanza kutoka kwenye muhuri mkuu ikiwa karibu kamili, ikibaki kuongezwa mwaka tu, na kuanzia hapo kazi ya kutofautisha aina ni nyingine kabisa, ambayo sitaigusa.

Makosa ya wachongaji yanastahili kutajwa kwa sababu ndiyo yanayoufanya utambuzi uwe rahisi, na, niseme ukweli, uwe na raha. Kwenye muhuri mmoja wa 1807 fundi alianza kupiga 20 mahali pa 50, akagundua, akapiga 5 juu ya 2. Mwaka 1813 mwingine alianza kuandika UNI ya UNITED mahali palipotakiwa kuwa na 50 C, na mabaki yake yanaonekana mpaka leo. Kuna kipande cha senti tano cha 1796 kinachosomeka LIKERTY kwa sababu panchi ya B ilivunjika. Lakini ninaloliona bora kuliko yote ni la robo dola ya 1822: fundi alipiga 50 mahali pa 25, kisha akasahihisha, na 50 ikabaki ikichungulia chini. Muhuri ule haukuharibiwa. Uliwekwa kando, na mwaka 1828 ukatolewa tena na kuambatanishwa na kichwa cha mwaka huo. Kwa hiyo robo dola mbili zilizopishana miaka sita zina upande wa nyuma uliogongwa na chuma kile kile, na mtu anayesoma mwaka peke yake hawezi kamwe kujua kwamba ni ndugu.

Ndugu wa namna hiyo hupatikana hata kati ya fedha na dhahabu. Mwanzoni mwa karne ya 19 kipande cha senti kumi na kile cha dhahabu cha dola mbili na nusu vilikaribiana kwa upana, na upande wa tai haukuwa na thamani yoyote iliyoandikwa. Kiwanda kikatumia mihuri ile ile kwa vyote viwili. Mwaka 1804 muhuri mmoja wa tai ulipigwa nyota 14 badala ya 13, nao ukagonga fedha na dhahabu pia. Asiyejua hili akiona nyota ya 14 atadhani ameuziwa bandia.

Dola ya 1804 nayo haiwezi kuachwa, hasa kwa wasomaji wa lugha yetu. Hesabu za kiwanda zinaonyesha kwamba dola zilichapwa mwaka huo, lakini zilibeba miaka ya nyuma. Zile zenye mwaka 1804 zilitengenezwa miaka 30 baadaye, wakati serikali ya Marekani ilipotaka seti za sarafu za kuwapa zawadi watawala wa Asia kupitia mjumbe wake, Edmund Roberts. Mmoja wa waliopelekewa zawadi hiyo mwaka 1835 alikuwa Sayyid Said bin Sultan wa Muscat, yule yule aliyeitawala Zanzibar. Kilichofichua umri wa kweli wa dola hizo ni mihuri na namna ilivyotumika: ziligongwa ndani ya pete iliyobana ukingo, njia ambayo kiwanda hakikuwa nayo kwa dola mwaka 1804, hata herufi za ukingoni zikabonyea. Baadaye zikatengenezwa nyingine kwa muhuri tofauti wa tai, na ni nafasi ya herufi juu ya mawingu ya upande huo inayozitenga na za mwanzo. Kwa miaka mingi zote kwa pamoja zilizojulikana zilikuwa 15. Mwaka ulioandikwa juu yake haukusaidia kitu, ulidanganya.

Najua litakaloulizwa: je, mambo haya yana faida yoyote kwa mtu wa kawaida, au ni kazi ya watu wenye muda wa kuhesabu majani? Jibu langu si la ushabiki. Aina nyingi haziongezi bei hata kidogo. Wakusanyaji hutumia vipimo vya uhaba kuanzia R-1, yaani zaidi ya sarafu 1,250 zinazojulikana, hadi R-8, yaani moja hadi tatu tu. Muuzaji anayemwambia mnunuzi kwamba ana aina adimu ya R-3 anamwambia kwamba zipo kama mia mbili hadi mia tano, na kwa sarafu ambayo watu wanaoitafuta kwa namba yake ni wachache, hilo si adimu. Bei hupanda pale uhaba unapokutana na watu wa kugombania, basi. Niliwahi kuoneshwa na muuzaji mmoja sarafu yenye namba ya R-6 kwenye karatasi yake, na upande wa tai ulikuwa wa jozi nyingine kabisa, ya kawaida. Mtu yule hakuwa tapeli. Alilinganisha nyota za upande wa kichwa, zikakubali, akaridhika. Hakugeuza sarafu.

Tena kuna hali ya muhuri, ambayo huwekewa herufi ndogo baada ya namba, kwa mfano O-101a. Muhuri ule ule ukiwa mpya, ukiwa umepasuka, au ukiwa umesuguliwa ili kuondoa alama, hutoa sarafu zinazoonekana tofauti. Mihuri miwili ikigongana bila fedha katikati, kila mmoja huachia alama za mwenzake, na utaona mistari ya ngao mbele ya uso wa mwanamke. Nusu dola moja ya 1807 ina ufa uliotokea kidevuni hata mwanamke akaonekana ana ndevu. Hizi si aina mpya. Ni umri wa muhuri mmoja. Ninalisisitiza hili kwa sababu minadani ufa huuzwa kama ugunduzi.

Mahali ambapo elimu hii inamlinda kila mtu, hata asiyejali namba, ni kwenye bandia. Anayeghushi huchukua sarafu moja halali na kuinakili, mikwaruzo yake ikiwemo. Zikitokea sarafu tatu zenye jozi moja na mkwaruzo ule ule shavuni, hakuna haja ya mabishano zaidi. Wengine hawajui historia ya mihuri, hivyo huambatanisha kichwa cha mwaka mmoja na tai ambaye hajawahi kukutana nacho, au huchukua mpangilio wa nyota wa mwaka fulani na kubadilisha tarakimu tu. Sarafu isiyolingana na jozi yoyote iliyoorodheshwa inaweza kuwa ugunduzi, na hilo hutokea mara chache sana. Mara nyingi zaidi ni chuma kilichopakwa fedha.

Kwa hiyo nina ombi kwa idara yenu ya makala na ya matangazo. Sarafu ya Marekani ya kabla ya 1837 inapotajwa kwa bei, ichapishwe picha ya kila upande, kamera ikiwa imesimama sambamba na uso wa sarafu, kwa maana picha ya kuinamia huhamisha nyota mahali pake na kufanya vipimo visiwe na maana. Picha moja ya ukingo iongezwe. Uandikwe na uzito kwa gramu: dola ya fedha ya wakati huo ilitakiwa kuwa na gramu 26.96, na nusu dola gramu 13.48, kupungua kidogo kwa uchakavu kukiruhusiwa. Anayetaja namba ya aina aandike na herufi yake, na aseme ni nani aliyeitambua. Muuzaji asiyeweza kutoa hayo apewe nafasi ya kutangaza bidhaa nyingine.

Wenu,
Msomaji na mkusanyaji wa sarafu za kale